Sauti ya Valvu Bila Valvu: Uchambuzi wa Pedali za Kale za Ovadraivu

Ukifungua kwa bisibisi pedali ya Ibanez TS808 Tube Screamer iliyotengenezwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, utakuta bamba dogo la saketi, chipu moja nyeusi yenye miguu minane, diodi ndogo za silikoni, transista, kapasita na rezista kadhaa, na waya za betri ya volti 9. Valvu haimo, wala haikuwahi kuwekwa. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka arobaini kisanduku hiki cha kijani kimekuwa kipimo cha ile sauti nene yenye mkwaruzo ambayo wapiga gitaa wa bluzi na roki huihusisha na valvu. Pedali halisi za wakati ule huuzwa leo kwa mamia ya dola, na zile zilizotunzwa vizuri huweza kupita dola 1,000. Wakati huohuo zipo pedali zenye valvu halisi inayong'aa nyuma ya kidirisha, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kupata nusu ya heshima hiyo.

Kama valvu si lazima iwemo kwenye pedali, ile sauti inatoka wapi? Ninachokitetea hapa ni kwamba inatoka kwenye amplifaya na spika yake. Hata pale mtengenezaji wa pedali alipokusudia kuiga valvu, kilichoipa pedali yake umaarufu ni namna inavyozisukuma valvu za amplifaya iliyo mbele yake: inaipelekea nini, inainyima nini. Asiyelijua hili hulipia jina na mwanga.

Tuiangalie valvu kwanza. Ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake kuna waya unaopashwa moto, kathodi inayotoa elektroni ikishapata joto, bamba linalozivuta elektroni hizo kwa volti kubwa, na katikati wavu mwembamba. Ishara ndogo ya gitaa ikifika kwenye wavu, mkondo unaokwenda kwenye bamba hupanda na kushuka kwa kuifuata. Wavu huo uliongezwa na Lee de Forest mwaka 1906, na bila wavu huo amplifaya ya gitaa isingekuwapo. Valvu inayotumika zaidi katika hatua za mwanzo za amplifaya hizo ni 12AX7, ambayo viwanda vya Ulaya viliiita ECC83. Katika amplifaya ya kawaida bamba lake hupewa volti 150 hadi 250. Msomaji aikumbuke namba hii, maana tutaihitaji mbele.

Kila kikuzaji kina ukomo. Ishara ikizidi, ncha za wimbi hukatwa kwa kuwa volti za kulipandisha zaidi hazipo, na mkwaruzo huzaliwa hapo. Tofauti iko kwenye namna ya kukata. Valvu moja ya hatua ya mwanzo hukata upande mmoja wa wimbi kabla ya mwingine, na huanza kupinda taratibu kabla ya kukata kabisa. Amplifaya ya transista yenye mrejesho hasi mkubwa hubaki safi hadi dakika ya mwisho, kisha hukata ghafla pande zote mbili.

Sikio husikia tofauti hiyo kama hamoniki. Chukua waya wa tano wa gitaa, noti ya A, unaotikisika mara 110 kwa sekunde. Wimbi lake likikatwa upande mmoja zaidi ya mwingine, huongezeka mitikisiko ya 220 na 440, yaani A zilezile za oktavu za juu. Sauti hunenepa na noti haipotei. Likikatwa sawasawa pande zote mbili, zinazoongezeka ni 330, 550 na 770. Ya kwanza ni E, ya pili inakaribia sana C#, na ya tatu iko kati ya F# na G, mahali ambapo hakuna ufunguo wa piano. Na kadiri wimbi linavyokatwa kwa ghafla, ndivyo hamoniki za juu zaidi zinavyojitokeza na sauti inavyochoma masikio.

Mwaka 1973 Russell Hamm aliandika makala katika jarida la Audio Engineering Society akilinganisha vikuzaji vya maikrofoni vya valvu na vya transista. Alionyesha kwamba tofauti kubwa hujitokeza pale vikuzaji vinapozidiwa na ishara, maana mpangilio wa hamoniki hubadilika. Makala hayo yamenukuliwa mno, na wengi wamechukua kwayo kauli moja nyepesi: valvu hutoa hamoniki shufwa, transista hutoa witiri. Kauli hiyo haisimami. Amplifaya kubwa za gitaa zina valvu za kutolea sauti zinazofanya kazi kwa jozi, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, na mpangilio huo hufuta sehemu kubwa ya hamoniki shufwa zinazozaliwa hapo. Amplifaya ya Marshall inayolia kwa nguvu zake zote imejaa hamoniki witiri, na hiyo ndiyo sauti iliyotengeneza roki ya Uingereza.

Historia ya mkwaruzo ilianza kwa vifaa vibovu. Mwaka 1951, Ike Turner na wenzake walipokwenda kurekodi "Rocket 88" kwa Sam Phillips mjini Memphis, amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ilikuwa imeharibika, na inasimuliwa kwamba karatasi zilishindiliwa kwenye spika ili iweze kutumika. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks aliichana spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe, na sauti iliyotoka ndiyo inayosikika kwenye "You Really Got Me". Katikati ya visa hivyo viwili kuna kile cha Nashville: katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka 1961, gitaa la besi la Grady Martin linakwaruza kwa sababu ya transfoma mbovu kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuiacha hitilafu hiyo ipotee. Aliiga sauti yake kwa transista, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikatoa Maestro FZ-1 Fuzz-Tone, kisanduku cha transista tatu za germaniamu na betri mbili za volti 1.5. Keith Richards alipoitumia kwenye "Satisfaction" mwaka 1965, kila mtu akaitaka.

Fuzi, hata hivyo, si ovadraivu. Fuzi hulikata wimbi bila huruma hadi likakaribia umbo la mraba. Ukipiga kwa upole au kwa nguvu, jibu ni karibu lilelile. Ovadraivu husikiliza mkono wa mpigaji. Ukigusa waya taratibu unapata sauti safi, ukikaza mkono mkwaruzo unakuja. Tabia hiyo ilitoka kwenye amplifaya yenyewe. Leo Fender hakukusudia mkwaruzo alipotengeneza Bassman. Aliitengeneza kwa ajili ya gitaa la besi. Ile ya mwaka 1959, yenye spika nne za inchi 10, wapiga gitaa wa kawaida waliigundua wenyewe na kuifungulia hadi mwisho. Huko Hanwell, London, Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven waliichukua saketi hiyohiyo mwaka 1962 wakatengeneza JTM45. Miaka minne baadaye Eric Clapton akaingia studio na John Mayall akiwa na gitaa la Les Paul na amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa kama ya jukwaani. Ukitaka kumwelewesha mtu ovadraivu ni nini, mpe albamu hiyo ya Bluesbreakers kabla ya maelezo yoyote.

Tatizo la njia hiyo ni kelele. Valvu za kutolea sauti hazikwaruzi mpaka zifike ukomo wake, na ukomo wa amplifaya ya wati 50 au 100 hauvumiliki chumbani, wala kwenye klabu ndogo. Kupunguza wati hakusaidii kama wengi wanavyodhani: kutoka wati 100 hadi 50 unapunguza desibeli 3 tu. Basi kukatafutwa njia za kuzunguka. Dallas Rangemaster ya miaka ya 1960, kisanduku chenye transista moja tu ya germaniamu, iliongeza nguvu ya trebo kabla ya ishara kuingia kwenye amplifaya. Rory Gallagher na Tony Iommi waliitumia. Huko California, Randall Smith alianza kuzipanga hatua za valvu moja baada ya nyingine ili mkwaruzo uzaliwe mwanzoni mwa amplifaya, kabla ya valvu za kutolea sauti, na amplifaya zake za Boogie zikamfikia Carlos Santana. Marshall nao wakaongeza nobu ya sauti ya jumla mwaka 1975. Tom Scholz wa kundi la Boston akatoa Power Soak, kifaa kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kuimeza nguvu ya ziada.

Pedali za ovadraivu zilizaliwa katika mazingira hayo. Boss walitoa OD-1 mwaka 1977, wakaweka diodi mbili upande mmoja na moja upande wa pili ili wimbi likatwe bila usawa, kama valvu inavyolikata. Kisha ikaja Tube Screamer, iliyosanifiwa na Susumu Tamura katika kampuni ya Maxon iliyokuwa ikiwatengenezea Ibanez. Hii nataka tuiangalie kwa karibu, kwa sababu umaarufu wake una sababu zinazoweza kupimwa.

Diodi za Tube Screamer zimewekwa ndani ya njia ya mrejesho ya chipu. Mpangilio huo una matokeo mawili. La kwanza, ishara safi ya gitaa haipotei: inapita sambamba na ile iliyokatwa, zikitoka pamoja. Ndiyo maana hata ukiufungua mkwaruzo hadi mwisho bado unasikia mguso wa kidole au pleki kwenye waya. La pili linahusu kapasita moja na rezista moja zilizoko mguuni mwa chipu. Rezista ni ya omu 4,700, kapasita ni ya mikrofaradi 0.047, na pamoja zinaweka mpaka kwenye hezi 720. Chini ya hapo ukuzaji unapungua kadiri noti inavyoshuka, kwa hiyo besi haikwaruzi sana. Na kichujio kilicho baada ya diodi hupunguza makali ya juu. Kinachobaki kimesimama mbele ni midi.

Sasa ipeleke ishara hiyo kwenye amplifaya ya Fender ya miaka ya 1960. Amplifaya hizo zina besi nyingi, trebo inayong'aa, na midi iliyobonyea. Ukizilazimisha peke yake, besi huzidiwa kwanza na kuanza kuvimba, noti za chini zikakosa umbo. Tube Screamer inaikaza besi kabla haijafika kwenye valvu, inaongeza midi pale inapokosekana, na inapandisha ishara hadi valvu za amplifaya zianze kukata zenyewe. Stevie Ray Vaughan alijenga sauti yake juu ya muungano huu. Wanaomfuata huweka nobu ya mkwaruzo chini na ya nguvu ya kutoka juu, ili pedali ifanye kazi ya kusukuma na amplifaya ifanye kazi ya kulia. Wapiga metali walikuja kutumia ujanja huohuo mbele ya amplifaya zenye mkwaruzo mkali kuliko wa Vaughan, kwa sababu ileile ya kuikaza besi.

Kuhusu JRC4558D, ile chipu ya Tube Screamer ambayo watu huitafuta na kuilipia bei kubwa: ni chipu ya kawaida iliyotumika kwenye vifaa vingi vya sauti vya enzi hizo. Tofauti kati ya TS808 na mrithi wake, TS9 ya mwaka 1982, iko hasa kwenye rezista mbili za mlango wa kutokea, ambazo fundi yeyote wa redio anaweza kuzibadilisha kwa dakika chache. Siwezi kumshauri mtu atoe dola 1,000 kwa ajili ya hilo.

Tuje kwenye pedali zenye valvu kweli. Kabla ya miaka ya 1980 valvu ilikuwa imeshaingia kwenye vifaa vya gitaa kupitia mashine za mwangwi: Binson Echorec ya Italia na Echoplex za kwanza za Marekani zilikuwa na vikuzaji vya valvu, na wapo waliozipenda kwa unene uliozidi kwenye sauti hata kabla mwangwi haujafunguliwa. Ovadraivu yenye valvu iliyotukuka zaidi ni Tube Driver ya Brent Butler, yenye 12AX7 moja, iliyouzwa miaka ya 1980 kwa jina la Chandler. Eric Johnson na David Gilmour wameitumia. Gilmour anaitumia kwa namna ya kiasi, mkwaruzo kidogo juu ya amplifaya iliyo safi, na noti zake ndefu zinatiririka bila kukatika. Ni pedali nzuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Lakini hapa ndipo ile namba ya volti 150 hadi 250 inapohitajika. Ndani ya Tube Driver, na ndani ya pedali nyingi zenye valvu zilizoifuata, bamba la 12AX7 linapata sehemu ndogo sana ya volti hizo. Valvu inafanya kazi ikiwa na njaa. Haina nafasi ya kuipandisha ishara, kwa hiyo chipu inayoitangulia ndiyo inayokuza, na mara nyingi chipu hiyo ndiyo inayokata sehemu ya wimbi. Valvu yenye njaa ina sauti yake, laini na yenye ukungu kidogo, na mtu ana haki ya kuipenda. Ila asidhani amenunua amplifaya ya Marshall iliyofupishwa. Wapo watengenezaji wachache walioweka transfoma ya kupandisha volti ndani ya pedali ili valvu ishibe. Pedali zao ni nzito, hupata joto, na bei yake inakaribia ya amplifaya ndogo. Na upande wa pili ipo kampuni ya Electro-Harmonix, ambayo Hot Tubes yake ya kwanza ya miaka ya 1970 ilikuwa na chipu za kidijitali za CMOS zilizolazimishwa kukuza sauti, bila valvu hata moja. Sauti yake ilikuwa nzuri vilevile.

Kitu kinachosahaulika katika mabishano haya yote ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipitishi vizuri sauti za juu ya takriban hezi 5,000. Hamoniki nyingi za kuudhi huishia hapo. Chomeka pedali yoyote ya ovadraivu, yenye valvu au isiyo nayo, moja kwa moja kwenye mikisa na spika za kawaida za ukumbini, na utapata mlio mkavu unaokera. Watu wengi wanaosema pedali yao ni mbaya wanailaumu kwa kosa hili.

Kwetu swali hili lina sura yake. Gitaa la dansi, kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam na Nairobi, limejengwa juu ya sauti safi. Si umaskini wa vifaa peke yake uliofanya hivyo. Hesabu ya muziki wenyewe inaudai usafi huo. Noti mbili zikipita pamoja kwenye saketi inayokata, huzaliwa nyingine ambazo ni jumla na tofauti ya mitikisiko yao. A ya 110 na E ya 165 huzaa 55 na 275: A ya chini na C#, zote ndugu. Ndiyo maana wapiga roki hupenda akodi za noti hizo mbili. Lakini A na C# jirani yake, 110 na takriban 138.6, huzaa 28.6 na 248.6, ngurumo isiyoeleweka na noti inayokaribia B, ambayo haimo kwenye akodi. Sebene hutembea kwa jozi za aina hii, thadi na siksi, huku gitaa la solo na la rithimu yakisukana. Ziweke ndani ya ovadraivu nzito, na msuko wote unageuka tope. Waliotaka mkwaruzo katika ukanda huu walibadilisha muziki wenyewe: Wazambia wa Zamrock miaka ya 1970, akina WITCH na Paul Ngozi, walipiga fuzi juu ya mistari ya noti mojamoja na rifu nzito. Na Konono N°1 wa Kinshasa walipata mkwaruzo wao kwa likembe zilizofungwa pikapu za kujitengenezea na kusukumwa kwenye amplifaya na spika zilizozidiwa, wala hawakuhitaji pedali ya mtu.

Kwa anayetaka kununua, kuna tahadhari mbili. Pedali za kale za Marekani zenye transfoma ndani, Tube Driver ikiwamo, zilitengenezwa kwa umeme wa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 hadi 240 za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, utaiunguza. Inahitaji transfoma ya kupunguza umeme. Na usifungue amplifaya ya valvu kama hujui unachokigusa. Kapasita zake huweza kubaki na zaidi ya volti 400 hata baada ya kuchomolewa, na volti hizo huua.

Valvu mpya zinatoka viwanda vichache tu duniani, hasa Slovakia, China na Saratov huko Urusi. Machi 2022, vita vya Ukraine vilipozuia mauzo ya Urusi kwa muda, bei zilipanda ghafla. Korg na Noritake walishatoa Nutube mwaka 2015, valvu bapa inayotumia umeme kidogo, na mitambo ya kidijitali kama Kemper ya 2011 sasa inaiga amplifaya nzima pamoja na spika yake, kwa usahihi ambao masikio mengi hayaupingi. Mimi nayaamini masikio hayo.

Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua amplifaya ndogo ya valvu, wati 5 hadi 15, yenye spika nzuri. Ukibakiwa na chenji, ongeza nakala ya bei nafuu ya Tube Screamer, punguza mkwaruzo wake, pandisha nguvu ya kutoka, na uiache amplifaya ilie. Pedali yenye valvu inayowaka iwe ya mwisho kwenye orodha, na kabla hujailipia, muulize muuzaji bamba lake linapata volti ngapi. Asipojua, rudisha fedha mfukoni.